Mwanangu hamalizi aya kwa pumzi moja

"Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama, niko Wete, Pemba. Nina mtoto wa kike wa miaka minane. Tangu mwaka jana akikimbia na wenzake anakohoa, na usiku wa manane mpaka karibu na alfajiri kifua kinapiga mluzi. Spitali wamesema ni pumu, wakatupa pampu mbili, moja ya buluu na moja ya kahawia. Ya buluu tunaitumia akizidiwa. Ile ya kahawia nimeiweka kabatini, kwa sababu bibi yake anasema pampu ikishazoeleka haiachwi, tena inaudhoofisha moyo. Bibi anasema pia kwamba kilichomtia pumu ni maji baridi ya kutawadha alfajiri na manyoya ya paka wetu yaliyomwingia kifuani. Chuoni, anakosoma Qur'ani, hamalizi aya kwa pumzi moja, na mwalimu anamwona mvivu. Lakini lililonifanya niandike ni kwamba juzi mwenyewe ameniuliza: 'Mama, pumzi yangu inakwenda wapi, na kwa nini inakataa?' Nilikosa la kumjibu. Nimwambie nini? Na hiyo dawa nimpe?"

Waalaykum ssalaam, mama. Mwanao ameuliza swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima. Kweli ipo pumzi inayomkataa, ila siyo ile ambayo wengi wetu tunaidhania. Nitamjibu yeye kwanza, maana ukishaona jinsi pumzi inavyoingia na inavyotoka, habari ya pampu na maneno ya bibi utaweza kuyapima mwenyewe. Na nikwambie msimamo wangu mapema, usije ukasoma na roho juu: hiyo pampu ya kahawia uliyoifungia kabatini ndiyo dawa yake hasa. Itoe.

Leo jioni mlaze mwanao chali juu ya mkeka, umwekee kikombe cha plastiki kitupu juu ya kitovu. Mwambie apumue taratibu kwa pua na akitazame kikombe. Akivuta pumzi, kikombe kinapanda. Akitoa, kinashuka. Kisha muulize: hewa imeingia tumboni? Atasema ndiyo, na watu wazima wengi watasema hivyo hivyo. Hewa haikuingia tumboni. Chini ya mapafu kuna msuli mpana na mwembamba unaoitwa kiwambo, umekaa baina ya kifua na tumbo. Ukiwa umetulia, katikati yake umeinuka kuelekea juu. Tukitaka kuvuta pumzi msuli huo unajikaza na kushuka chini, unayasukuma matumbo, nayo yanakosa pa kwenda ila kuinuka mbele. Hicho ndicho kilichokinyanyua kikombe. Wakati huo huo misuli iliyo kati ya mbavu inazinyanyua mbavu na kuzitanua. Kifua kikipanuka hivyo, mgandamizo wa hewa ndani unapungua ukawa chini ya ule wa nje, na hewa inaingia yenyewe puani.

Kwa hiyo mapafu hayavuti hewa. Mapafu hayana msuli wa kujitanua, yanatanuliwa na kifua. Nasisitiza hili kwa sababu nusu ya pili ya pumzi, ile ya kutoka, inafuata hapo. Kiwambo kikilegea, mbavu zinashuka, na mapafu ambayo kwa maumbile yake yanapenda kunywea yanarudi katika udogo wake na kuitoa hewa. Kwa mtoto mzima aliyetulia, kuvuta pumzi ni kazi, na kuitoa ni bure kabisa. Hakazi msuli wowote. Pumu inakuja kumnyang'anya mtoto hicho alichokuwa akikipata bure.

Sasa njia yenyewe. Hewa inapita puani, na pua si tundu tu. Inaipasha hewa joto, inaitia unyevu, na vinyweleo pamoja na kamasi vinanasa vumbi. Tundu mbili za pua hata hupokezana: kwa saa kadhaa moja inapitisha hewa zaidi, kisha inaiachia nyingine. Mtoto akiziba moja moja atalihisi hilo, na watoto hulipenda sana jambo hili. Kutoka puani hewa inafika kooni, mahali ambapo njia ya chakula na njia ya hewa zinakutana. Hapo pana kifuniko kidogo kinachoiziba njia ya hewa kila tunapomeza. Ndiyo sababu tunawakataza watoto kuzungumza na kucheka huku wana chakula mdomoni. Chini ya kifuniko hicho kuna zoloto lenye nyuzi za sauti, kisha bomba kuu la hewa. Chukua vidole viwili vya mwanao, uviweke polepole mbele ya shingo yake, chini kidogo ya zoloto, avipitishe juu na chini. Atahisi vituta vituta. Hizo ni pete za gegedu zinazolizuia bomba lisijifunge.

Bomba hilo linagawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto lina mbili, maana upande wa kushoto lazima moyo upate nafasi yake. Kutoka hapo, kwa mtoto wa Pemba sioni mfano mzuri zaidi ya mkarafuu. Mwambie aufikirie mkarafuu uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Shina ni lile bomba kuu. Linatoa matawi makubwa, matawi yanazaa vitawi, kila kitawi kinagawanyika tena, jumla yake mara ishirini na zaidi, mpaka tunafika kwenye makonyo yenyewe. Na pale ambapo karafuu zingekaa vichala vichala, panakaa vifuko vidogo vya hewa. Mtu mzima anavyo zaidi ya milioni 300. Mtoto mchanga anazaliwa na vichache kuliko hivyo, na vingi vinaongezeka katika miaka yake ya mwanzo. Hiyo ni sababu mojawapo inayonifanya niwe mkali juu ya moshi karibu na watoto wadogo: mapafu yao bado yanajengwa.

Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, na nje yake imezungukwa na mishipa ya damu myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu zinapita karibu moja moja. Hapo ndipo jibu la mwanao lilipo. Oksijeni inapenya ukuta, inaingia katika damu na kushikwa na chembe nyekundu. Damu inarudi moyoni, na moyo unaisukuma mpaka kwenye ubongo, kwenye ini, kwenye vidole vya miguu. Huko mwili unaitumia oksijeni hiyo kupata nguvu kutoka kwenye chakula, na hewa ukaa inabaki. Damu inaibeba hewa ukaa mpaka kwenye vile vifuko, nayo inatoka nje. Ukitaka kumjibu kwa maneno yake, mwambie: "Pumzi yako inakwenda mpaka mwisho wa vitawi vya kifua chako. Hapo inaipa damu kitu kizuri, inapokea kile ambacho mwili hauna haja nacho, kisha inarudi ilikotoka." Miaka minane anaelewa hayo vizuri sana.

Pengine skuli ataambiwa kwamba tunavuta oksijeni na tunatoa hewa ukaa, basi. Mtoto anatoka hapo akidhani pumzi inayotoka ni sumu tupu. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21, na ile tunayoitoa bado ina kama 16. Hewa ukaa inapanda kutoka asilimia 0.04 hivi hadi kama 4. Ndiyo maana mtu aliyetolewa baharini hapumui anaweza kuokolewa kwa kupuliziwa pumzi ya mwenzake mdomoni. Na kwa vile nyinyi ni watu wa pwani, nitie na hili: kinachotuhimiza kuvuta pumzi tukiwa chini ya maji ni hasa kupanda kwa hewa ukaa katika damu. Watoto wenye tabia ya kuhema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzamia, ili wakae chini zaidi, wanaipunguza hewa ukaa hiyo, na wanaweza kuzimia ndani ya maji bila kuhisi haja ya kupanda juu. Wakatazeni.

Sasa tuje kwenye pumu. Vile vitawi vidogo vya hewa havina pete za gegedu. Vimezungukwa na msuli mwembamba, na ndani vimetandwa na utando laini. Kwa mtoto mwenye pumu utando huo umevimba na kuwa mwepesi wa kukasirika, hata siku ambazo hakohoi. Akikutana na kichokozi, uwe moshi, vumbi, mafua, hewa baridi au mbio, mambo matatu yanatokea pamoja: msuli unajikaza, utando unavimba zaidi, na kamasi zito linamwagika ndani ya njia. Tundu inabaki ndogo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtoto mwenye pumu anavuta hewa, nayo inaingia. Akivuta, kifua kinapotanuka kinazivuta na kuta za vitawi, vinapanuka kidogo, hewa ikapita. Shida iko wakati wa kutoa. Mapafu yakinywea, vitawi vilivyokwisha kubanwa vinabanwa zaidi, na hewa inakwama ndani. Ule mluzi unaousikia usiku, utegee sikio vizuri: mara nyingi unakuja wakati pumzi inatoka. Na kwa kuwa ya zamani haijatoka, pumzi mpya inakosa nafasi. Kifua kinakuwa kimejaa na mtoto anahisi hana hewa. Basi ile inayomkataa mwanao ni pumzi ya kutoka. Mwambie hivyo hivyo, maana mtoto akijua nini kinamtokea hofu inapungua, na hofu peke yake inamfanya aheme mbio akazidi kujaza kifua kisichomwagika.

Ukitaka kulijua hilo mwilini mwako, chukua mrija mwembamba wa soda, ruka ruka mahali pamoja kwa dakika moja, kisha ziba pua na upumue kwa mrija huo tu. Vuta, toa, vuta, toa. Ukichoka uache. Fanya wewe, na bibi akipenda aone unavyofanya. Mtoto usimfanyishe.

Sasa nadhani umeiona habari ya chuoni. Kusoma Qur'ani ni kazi ya pumzi inayotoka. Msomaji anavuta haraka, kisha anaiachia hewa kidogo kidogo ipite kwenye nyuzi za sauti, na uhodari wote uko katika kuiachia. Mtoto ambaye pumzi yake inatoka kwa kusukumwa, huku misuli ya tumbo ikisaidia kazi ambayo ilikuwa ya bure, hawezi kuigawa kwa mpango. Atakata aya katikati, atakohoa, atavuta tena. Mwalimu wake hana ubaya, hajaambiwa tu. Nenda ukamwambie, na umwombe amruhusu asimame kwenye waqfu, yaani vituo vya kusomea, bila kumharakisha, na asikae karibu na chetezo. Sauti yake itarefuka dawa ikifanya kazi. Watoto wenye pumu iliyodhibitiwa wanasoma vizuri, wanaimba kasida, na wanacheza mpira.

Ya bibi yake nayasema kwa heshima, kwa sababu bibi ameona vitu vya kweli, amekosea katika kuviunganisha. Maji ya kutawadha yanaishia puani na kooni, hayafiki kwenye mapafu. Kinachomkohoza alfajiri ni kwamba kwa watu wenye pumu njia za hewa hubana zaidi kuelekea mwisho wa usiku, na hewa ya wakati huo inakuwa ya baridi. Hata asipogusa maji atakohoa. Mpashieni maji moto kidogo kama inampa raha, hakuna ubaya, lakini msimzuie ibada yake mkidhani mmetibu. Manyoya ya paka nayo ni makubwa mno kufika kwenye vitawi vya ndani, yangenaswa puani. Lakini mate ya paka na ngozi yake inayopukutika vikikauka vinakuwa vumbi jepesi sana, na mtoto ambaye mwili wake haupatani na vumbi hilo anabanwa kweli. Kwa hiyo paka anaweza kuchokoza pumu, na si kila mtoto. Mtoeni chumbani na kitandani kwa miezi miwili mitatu, muangalie. Na pumu haiambukizi. Ndugu zake wanywe kikombe kimoja naye bila wasiwasi. Huwa inafuata ukoo: kwenye nyumba yenye pumu, ukurutu au mafua ya vumbi, watoto wanarithi wepesi huo.

Kuhusu pampu kuzoeleka. Watu wanaosema hivyo wamemwona mtu, jirani au jamaa, aliyeanza na mvuto mmoja kwa wiki akaishia kuvuta kila saa. Walichokiona ni ugonjwa usiotibiwa. Pampu ya buluu, kwa kawaida salbutamol, inaulegeza ule msuli uliojikaza. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake inakwisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe wa utando haiugusi. Mtu akiitegemea hiyo peke yake, uvimbe unaendelea chini kwa chini, kila siku anahitaji mivuto zaidi, na siku moja haimsaidii tena. Hilo ndilo linaloua watu wenye pumu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kupendekeza dawa ya kulegeza msuli peke yake kwa watu wazima na vijana, na kwa watoto wa umri wa mwanao nao unataka dawa ya uvimbe iwemo.

Dawa ya uvimbe ndiyo ile ya kahawia, mara nyingi beclometasone au budesonide. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma jina lililoandikwa usitazame rangi tu. Hiyo haitoi nafuu papo hapo, na ndiyo sababu watu wanaidharau. Inatumika kila siku kama mlivyoandikiwa, hata siku mtoto ni mzima, na manufaa yake yanaonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki chache. Haileti uraibu. Ina madhara? Nitakwambia bila kuficha. Inaweza kuleta utando mweupe mdomoni, kwa hiyo asukutue na kutema maji kila baada ya kuvuta. Kwa baadhi ya watoto inapunguza urefu kidogo, kama sentimita moja. Pumu isiyodhibitiwa nayo inadumaza, na inaweza kuua, kwa hiyo mimi sisiti kuchagua. Ya buluu inaweza kumfanya moyo umwende mbio na mikono itetemeke kwa muda. Hilo bibi ameliona sawa, lakini linapita, na kwa vipimo vya kawaida moyo haudhoofiki. Vidonge na sharubati za salbutamol ambazo bado wengi wananunua madukani ni mbaya zaidi kwa hilo: dawa inazunguka mwili mzima kwanza, kwa kipimo kikubwa zaidi, inachelewa, na ndiyo inayotetemesha.

Pampu ikitumika vibaya dawa inaishia kooni, na kwa mtoto wa miaka minane hilo hutokea karibu kila akivuta moja kwa moja mdomoni. Anahitaji chupa ya kuvutia dawa, ile inayokaa baina ya pampu na mdomo. Kama spitali hawakukupa na duka la dawa hakuna, tengeneza. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri inawafaa watoto sawa na zile za kiwandani. Chukua chupa safi ya maji ya kunywa. Kwenye kitako chake toboa tundu lenye umbo lile lile la mdomo wa pampu, dogo kidogo ili pampu iingie kwa kubana, na pembeni uzibe kwa gundi au plasta hewa isivuje. Ioshe kwa maji ya sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, maana kuifuta kunatia umeme unaoing'ang'aniza dawa kwenye kuta za chupa.

Mtoto akae wima. Tikisa pampu, ichomeke kwenye kitako, naye aufunike mdomo wa chupa kwa midomo yake bila mwanya. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita humo humo ndani ya chupa. Ngojea nusu dakika, utikise tena, ndipo ubonyeze mvuto wa pili. Kubonyeza mara mbili kwa pamoja ni kosa ninaloliona sana, na dawa inapotea. Unaweza kumhesabia pumzi kwa sauti, au mkahesabu pamoja kwa Kiarabu kama anavyojifunza.

Nyumbani, anza na moshi. Kuni, makumbi na mkaa vipikiwe nje au penye upenyo, na mtoto asiwe ndiye anayepuliza jiko. Udi na ubani ni sehemu ya maisha yetu na siwaambii mviache moja kwa moja. Fukizeni chumba mtoto akiwa nje, fungueni madirisha, arudi moshi ukiwa umekwisha. Dawa ya mbu ya kuwasha isilale naye chumba kimoja, chandarua kinatosha na kinafaa zaidi. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya mtu yeyote, mwenye pumu au asiye nayo. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inashika chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anakuwa anapumua sawasawa na huku mwili unakosa oksijeni.

Kitanda nacho ukiangalie. Visiwa vyetu vina unyevu, na utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanapenda unyevu. Godoro kuukuu la sufi ni makazi yao. Mkiweza kulibadilisha, libadilisheni. Msipoweza, litieni foronya nzito isiyopitisha vumbi, shuka na mito ifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na ianikwe juani. Msimu wa karafuu mtoto asikae karibu na watu wanaopepeta au kufagia majamvi, vumbi lile ni kali.

Na mafuta ya karafuu. Najua yapo kila nyumba Pemba, na wapo wanaompa mtoto matone mdomoni kwa ajili ya kifua. Nakuomba sana, usimpe. Mtoto akiyanywa hata kidogo yanaweza kumwunguza mdomo na koo na kuliharibu ini lake. Kumpaka kifuani hakuifungui njia ya hewa, na harufu yake kali inaweza kumbana. Mafusho ya maji ya moto nayo hayatibu pumu, na kila mwaka tunapokea watoto waliomwagikiwa. Habasoda na asali hazina ubaya kwa umri wake kama ni chakula, mradi zisichukue nafasi ya dawa.

Neno moja kuhusu ugonjwa wenyewe. Historia uliyoniandikia, kikohozi cha mbio, mluzi wa usiku, kuja na kuondoka, inafanana na pumu, na nadhani waliokupima wameona sawa. Lakini kikohozi cha kila siku kinachofika wiki mbili au zaidi, chenye homa, jasho la usiku au kupungua uzito, au ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, kipimwe kifua kikuu. Na mluzi ulioanza ghafla mchana kweupe kwa mtoto aliyekuwa akila karanga au kuchezea shanga ni kitu kilichonasa, huyo anakwenda spitali saa hiyo hiyo.

Kuna hali ambazo hazingojei kuche. Hawezi kumaliza sentensi fupi kwa kuishiwa pumzi. Nyama za kati ya mbavu na shimo la chini ya koo zinabonyea ndani kila akivuta. Ameketi kainama mbele, mikono magotini, hataki kulala. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa ametulia. Ulimi au ufizi unageuka buluu au kijivu, tazama humo kwa sababu kwenye ngozi yetu haionekani upesi. Anasinzia au hakujibu sawasawa. Na hili ndilo linalowahadaa wazazi: mluzi uliokuwa mkali umenyamaza lakini mtoto hana nafuu. Kifua kilichonyamaza hivyo maana yake hewa haipiti tena. Katika hali yoyote kati ya hizo mpe ya buluu kwa chupa, mvuto mmoja mmoja mpaka minne, mwite mwenye gari, mkaondoke. Dakika 20 zikipita bado mko njiani na hajapata nafuu, rudia. Hata akipata nafuu, ikiwa anaihitaji tena kabla ya saa nne kutimia, apelekwe.

Kwa sasa, ikiwa hana dalili hizo, anza ile ya kahawia leo kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yake, angalia tarehe ya mwisho kwanza kwa vile imekaa kabatini, na ndani ya wiki mbili mrudishe kliniki Wete, au Chake Chake, au Abdulla Mzee kule Mkoani, popote kulipo karibu na daktari wa watoto. Chukua pampu zote mbili na chupa, umwombe muuguzi akutazame unavyompa, mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa na daftari la usiku aliokohoa na mara alizotumia ya buluu, daktari atajua kama kipimo kinatosha. Akitumia ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, hakitoshi. Uliza pia kama wana kifaa cha kupulizia kinachopima kasi ya pumzi inayotoka. Kwa umri wake anaweza kukitumia, anapuliza mara tatu na inachukuliwa namba kubwa kuliko zote. Mwachie aisome na kuiandika mwenyewe.